Uzi: Kutoa gari kuukuu kwa shirika la hisani kabla ya Desemba 31, ni nani hasa anayepata nafuu ya kodi hapa Marekani?

Mwanzisha uzi (Baltimore, Maryland)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Desemba imeingia, na kama ilivyo kila mwaka, redio zimejaa matangazo yanayotuomba sisi tunaoishi Marekani tuyatoe magari yetu yaliyochoka kwa mashirika ya hisani kabla ya tarehe 31 ili tupate nafuu ya kodi. Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu wa jumuiya yetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, kujaza fomu zao za kodi, na kila Februari hukaa mbele yangu mtu aliyetoa gari lake Desemba akiamini kwamba atarudishiwa maelfu ya dola. Wengi wao huondoka bila hata senti moja ya nafuu. Waliambiwa kwamba sadaka ya gari inakatwa kwenye hesabu ya kodi, na kisheria hilo ni kweli, lakini hawakuambiwa sharti ambalo wengi wetu hatulitimizi.

Sharti lenyewe ni hili. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, humwachia kila mlipa kodi sehemu ya kipato chake bila kuitoza na bila kumwuliza lolote, na sehemu hiyo ndiyo ninayoiita hapa makato ya kawaida. Kwa mwaka huu wa 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa, dola 23,625 kwa mkuu wa kaya anayelea watoto peke yake, na dola 31,500 kwa wanandoa wanaojaza fomu moja. Anayetaka sadaka zake zihesabiwe hana budi kuyaacha makato hayo na kuorodhesha ya kwake moja moja kwenye Jedwali A: riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na za nyumba, gharama kubwa za matibabu, pamoja na sadaka. Jumla isipovuka makato ya kawaida, kuorodhesha hakumfaidii kitu, na gari alilolitoa, liwe la dola 400 au la dola 4,000, halipunguzi kodi yake ya serikali kuu. Tangu sheria ya mwaka 2017 iliyoyaongeza makato ya kawaida karibu maradufu, walipa kodi takriban tisa kati ya kila kumi huchukua makato hayo. Mtu aliyepanga nyumba, asiye na mkopo wa nyumba wala sadaka kubwa zenye risiti, ni nadra sana kuwa yule wa kumi.

Hata kwa yule wa kumi, hesabu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu makato hayaondoi kodi yenyewe, bali hupunguza kipato kinachotozwa. Chukueni mfano wa mke na mume, wote wauguzi, wenye kipato cha dola 140,000 kwa pamoja. Riba ya mkopo wa nyumba ni dola 14,000, kodi za jimbo na za nyumba ni dola 11,000, na fungu la kumi kanisani, lenye risiti za mwaka mzima, ni dola 9,000. Jumla ni dola 34,000, nao wamevuka mstari. Wakitoa gari ambalo shirika limeliuza kwa dola 1,800, kipato chao kinachotozwa hupungua kwa dola 1,800, na kwa kuwa wako kwenye kiwango cha asilimia 22, kodi yao hupungua kwa dola 396. Ni fedha halali na ni haki yao, lakini si dola 1,800.

Jambo la pili linalowaumiza watu ni thamani ya gari. Zamani mtoaji alifungua kitabu cha bei za magari, akajiandikia bei aliyoiona humo, na mambo yakaisha. Novemba 2003 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, ilitoa ripoti baada ya kufuatilia magari 54 yaliyotolewa sadaka, ikaona kwamba kwa takriban theluthi mbili ya magari hayo shirika lilipata asilimia 5 au chini ya hapo ya thamani aliyoidai mtoaji. Bunge likabadilisha sheria mwaka 2004, na tangu Januari 2005 kanuni imekuwa wazi: ukidai zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza gari bila kulitumia wala kulitengeneza, unachoruhusiwa kukata ni bei lililouziwa, si bei ya kitabuni. Likiuzwa kwa dola 500 au chini yake, unaweza kukata thamani ya soko ya siku ulipolitoa, mradi isizidi dola 500. Bei hiyo ya mauzo huandikwa na shirika kwenye Fomu 1098-C, na nakala yake huenda IRS, kwa hiyo hakuna nafasi ya kukadiria kwa macho.

Bei ya kitabuni, kwa kipimo cha mtu binafsi kumuuzia mwenzake na si ile ya kwenye yadi ya magari, hubaki halali katika hali tatu: shirika likilitumia gari lenyewe kwa kazi zake kwa kiwango kikubwa, kwa mfano kuwapelekea wazee chakula kila siku kwa mwaka mzima, likilifanyia matengenezo makubwa yanayoipandisha thamani, wala kuosha na kupiga rangi peke yake si matengenezo makubwa, au likimpa mtu mwenye shida, bure au kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko. Hali hii ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Niruhusuni nieleze yangu. Gari langu la kwanza hapa lilikuwa Corolla iliyonibeba miaka tisa, na giaboksi ilipoanza kusumbua nikampigia simu wa kwanza niliyemsikia redioni. Aliyekuja kulichukua hakuwa shirika la hisani bali dalali wake, yaani kampuni inayokusanya magari, kuyapeleka mnadani na kubaki na sehemu ya fedha. Gari liliuzwa dola 375. Nilipouliza ni kiasi gani kilifika kwenye shirika baada ya gharama za kulikokota, ada ya mnada na sehemu ya dalali, sikupata jibu. Mimi mwenyewe sikupata nafuu yoyote ya kodi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mpangaji. Hilo silijutii. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba karibu na nyumba niliyokuwa nikiishi kulikuwa na mama aliyekuwa akipanda mabasi matatu kwenda kazini, na gari lile, kwa matengenezo ya kawaida tu, lingemfaa miaka mitatu.

Kwa hiyo, kabla hujauliza utapunguziwa kodi kiasi gani, uliza gari lako litaishia wapi. Yapo mashirika yanayoyatengeneza magari ya sadaka na kuyafikisha kwa familia zenye kipato kidogo. Hapa Maryland liko Vehicles for Change, lililoanza mwaka 1999, na kule Vermont liko Good News Garage, lililoanzishwa mjini Burlington mwaka 1996. Si kila gari hufaa kwa kazi hiyo. Lililochoka kabisa hata wao huliuza, lakini mwulize anayepokea simu yako, naye akuambie waziwazi.

Kuhusu tarehe: kinachohesabiwa ni siku uliyolikabidhi gari, si siku uliyopiga simu wala siku lilipouzwa. Ukilikabidhi Desemba 30 na likauzwa Februari, sadaka ni ya 2025, na Fomu 1098-C hutakiwa kukufikia ndani ya siku 30 baada ya mauzo. Usijaze kodi kabla haijafika. Ikichelewa, omba nyongeza ya muda kwa Fomu 4868, ambayo hukusogeza hadi Oktoba, lakini kumbuka kwamba nyongeza hiyo ni ya kuwasilisha fomu, si ya kulipa kodi unayodaiwa.

Mwaka huu kuna sababu ya ziada kwa wale wanaoorodhesha. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, kuanzia mwaka 2026 sadaka itaanza kuhesabiwa baada ya kuvuka nusu ya asilimia moja ya kipato chako, maana yake mwenye kipato cha dola 140,000 atapoteza dola 700 za kwanza za sadaka zake zote. Kwa wasioorodhesha, sheria hiyo inafungua mlango mdogo kuanzia 2026, wa hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja na dola 2,000 kwa wanandoa, lakini ni kwa sadaka za fedha taslimu pekee. Gari halimo.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Asante sana kaka kwa somo hili. Nina maswali mawili. Msikiti wetu una mpango wa kuwasafirisha wazee, nami nataka kuutolea gari letu kubwa la familia, ila nilipoutafuta kwenye orodha ya IRS ya mashirika yanayokubalika sikuuona. Je, hiyo maana yake haukubaliki? La pili, chama chetu cha kufa na kuzikana kimesajiliwa na jimbo kama chama kisichotafuta faida, na baadhi ya wanachama wanasema gari likitolewa huko nalo linakatwa.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, kuhusu msikiti ondoa shaka. Nyumba za ibada, yaani makanisa, misikiti, mahekalu na masinagogi, hazilazimiki kuomba IRS hadhi ya shirika la hisani, kwa hiyo nyingi hazionekani kwenye orodha ingawa sadaka zake zinakubalika. Omba barua yenye jina la msikiti, namba yake ya kodi, tarehe ya kukabidhi, namba ya chesisi ya gari, na tamko kwamba hukupewa chochote badala yake. Ukitaka kudai zaidi ya dola 500, mweka hazina hana budi kukujazia Fomu 1098-C au kukupa barua yenye maelezo yale yale, ndani ya siku 30 tangu mlipokabidhiana kwa kuwa gari halitauzwa, akithibitisha kwamba msikiti unakusudia kulitumia, kwa kazi gani na kwa muda gani. Hapo ndipo thamani ya soko inapokubalika. Kama thamani hiyo inazidi dola 5,000, utahitaji pia mthamini mwenye sifa na saini yake kwenye Sehemu B ya Fomu 8283, ambayo ni fomu ya kudai sadaka zisizo za fedha. Ikiwa ni kati ya dola 500 na 5,000, Sehemu A ya fomu hiyo inatosha.

Kuhusu chama cha kuzikana, jibu ni hapana, na nasema hivi nikijua jinsi vyama hivi vilivyotubeba msibani. Kusajiliwa na jimbo kama chama kisichotafuta faida hakutoshi. Chama kinachosaidia wanachama wake waliochanga si shirika la hisani kwa maana ya sheria ya kodi, hata kama kazi yake ni njema kiasi gani.

Mchangiaji (Louisville, Kentucky)

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Katika parokia yetu kule nyumbani kuna kituo cha yatima, na tunafikiri kuwapelekea gari kwa kontena badala ya kuliacha hapa liuzwe mnadani. Kule Kongo usukani uko kushoto kama hapa, kwa hiyo gari linafaa bila kubadilishwa. Je, sadaka hiyo ina nafuu ya kodi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, gari ulilompa moja kwa moja mtu au shirika lililo nje ya Marekani halikatwi, hata kama mpokeaji ni parokia au kituo cha yatima. Njia iliyopo ni kulitoa kwa shirika la Marekani lenye hadhi kamili, ambalo lenyewe ndilo lenye uamuzi wa mwisho juu ya gari na linaendesha kazi huko Kongo. Shirika likiwa ni bomba tu la kupitishia gari ulilokwisha kumwandikia mtu fulani, IRS huliangalia kana kwamba umempa mtu huyo mwenyewe.

Hata hivyo, kama nia yenu ni yatima wale, msiiache kwa ajili ya karatasi za kodi. Pigeni hesabu ya meli na ushuru wa forodha kwanza, kisha mlinganishe na kuliuza gari hapa na kuwatumia fedha. Kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania nionye tu kwamba hali si kama ya Kongo: kule tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lenye usukani wa kushoto wala lenye umri unaozidi miaka 8.

Mchangiaji (Minneapolis, Minnesota)

Naongeza jambo moja kwa walio jimbo letu. Minnesota ina hesabu yake: hata usipoorodhesha makato, kwenye kodi ya jimbo unaweza kupunguza nusu ya sadaka zako zinazozidi dola 500 kwa mwaka. Kwa hiyo karatasi za gari msizitupe kwa sababu tu serikali kuu haitawapa kitu. Mimi niliwahi kuzitupa.

Ningependa pia kuuliza: si afadhali mtu aliuze gari mwenyewe kisha atoe fedha?

Mwanzisha uzi

Nashukuru kwa nyongeza hiyo, mama. Kila mtu aangalie sheria za jimbo lake.

Kuhusu kuuza mwenyewe, mara nyingi ndiyo. Gari linalotembea, ukilimuuzia mtu binafsi kwa dola 2,500 na kuzitoa zote, shirika linapata 2,500 nzima. Gari hilo hilo kupitia kwa dalali na mnada linaweza kufikisha chini ya nusu ya hapo. Fedha taslimu pia zina karatasi chache: rekodi ya benki au risiti ya shirika kwa kiasi chochote, na barua ya shirika kwa kiasi cha dola 250 na zaidi, basi. Kuuza kunahitaji muda na subira ya kukutana na wanunuzi usiowajua, na kuna watu hawana vyote viwili. Kwa gari lisilowaka kabisa, kulitoa sadaka ni jambo la busara, kwa sababu wanakuja kulikokota bila kukutoza.

Mchangiaji (Burlington, Vermont)

Sikukusudia kuandika, lakini nimesoma tangu juu na nimeona niseme. Mimi ni miongoni mwa waliopokea. Nilikuja hapa kama mkimbizi na watoto wanne, nikapata kazi ya usafi ya zamu ya usiku, na zamu ilikuwa ikimalizika kabla basi la kwanza halijaanza. Kwa majira ya baridi mawili nilitembea saa nzima kurudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kama watoto wameamka na kama mkubwa amewavalisha wadogo. Kupitia mpango wa magari ya sadaka nilipata gari lililotengenezwa vizuri, lenye maili nyingi lakini zima. Sikumjua aliyelitoa. Ndani ya kisanduku cha mbele nilikuta kitabu cha huduma, ameandika kwa mkono tarehe za kila mara alipobadilisha oili. Nimeendelea kuandika kwenye kitabu hicho hicho. Niliacha kazi ya usiku mwaka uliofuata, kwa sababu sasa niliweza kuifikia ya mchana iliyo mbali.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Mungu akubariki mama. Kaka mwanzisha uzi, tuelekeze jambo la mwisho: siku ya kulikabidhi gari, mtu afanye nini ili asije akasumbuliwa baadaye?

Mwanzisha uzi

Nimeyasoma maneno ya mama wa Burlington mara tatu, na nitarudi kwake hapo chini.

Siku ya kukabidhi, jambo kubwa ni hati ya umiliki, ambayo hapa wengi tunaiita taito na kule nyumbani ni kadi ya gari. Iwe haina deni la benki. Mahali pa jina la mpokeaji paandikwe jina la shirika, pasiachwe wazi hata kama anayekuja na gari la kukokota atakuambia kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote, kwa maana hati yenye nafasi wazi huweza kuuzwa mkono kwa mkono huku gari likiendelea kuwa lako kwenye kumbukumbu za jimbo. Hilo lilinipata: miezi miwili baada ya kuitoa Corolla yangu, nililetewa madai ya ushuru wa barabara na faini mbili za maegesho kutoka mji ambao sijawahi kuukanyaga, na ilinigharimu barua na siku za kazi kuthibitisha kwamba gari halikuwa langu tena. Piga picha ya hati iliyosainiwa, mita ya maili, na gari lenyewe pande zote nne. Ng'oa namba za gari kama jimbo lako linataka hivyo, toa kifaa cha ushuru wa barabara kilichobandikwa kiooni, itaarifu ofisi ya magari ya jimbo kwamba umelitoa, na bima uisimamishe baada ya hayo yote, si kabla.

Sasa mama wa Burlington. Gari letu la pili, lile la mke wangu, lina maili 148,000 na injini yake bado nzuri. Mwaka huu tunaorodhesha makato, kwa hiyo tutapata nafuu kidogo, lakini jana tulizungumza nyumbani tukakubaliana kwamba lisiende mnadani. Nimepiga simu, wameuliza maswali mengi kuhusu breki na kutu, na wamesema likikaguliwa vizuri watamtengenezea mtu mwenye shida. Wanakuja kulichukua Jumatatu tarehe 22. Tairi la akiba na jeki vimo kwenye buti, na jioni hii nimekaa mezani na risiti zote za gereji naandika tarehe za oili.